Sifuri za Chirau

Ndugu yangu Chirau alikuwa hali chakula mpaka mgongo wake uguse ukuta. Harusini, matangani, hata kwenye mashamba ya miwa ya Ramisi alikokuwa akifanya kazi, kwanza alitafuta ukuta. Ukuta ukikosekana, alitafuta shina la mti. Na mti ukikosekana alikula amesimama, akigeukageuka kama kuku mgeni. Watu walimcheka. Mimi sikumcheka, kwa sababu ni dada yake wa tumbo moja, na ninaujua mkono uliokuwa ukimjia kwa nyuma.

Naitwa Mbeyu. Nauza viazi vya karai hapa Msambweni, na wateja wangu husema ulimi wangu una moto kushinda mafuta yangu. Na iwe hivyo. Haya nitakayoyasimulia hayataki ulimi wa baridi.

Sisi ni Wadigo. Dini imetufundisha kwamba mtoto ni wa baba, nasi tumeipokea, lakini ile desturi ya zamani ya kwamba mtoto ni wa mjomba haijatutoka. Mjomba, ndugu wa mama, ndiye mwenye neno. Ndiye anayetangulia kwenye posa, ndiye anayetangulia kwenye suluhu, na laana yake watu huiogopa kushinda laana ya baba. Baba yetu, Hashim, alikuwa fundi wa vitanda vya kamba, mtu mpole ambaye hata kuku wetu walichinjwa na jirani kwa sababu mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Siku mjomba Sanga alipokuja kumchukua Chirau akaishi naye, baba alikuwa akikaza kamba za kitanda. Hakuinuka. Alisema tu, "Mjomba mtu amemtaka mwanawe, mimi nina neno gani?" Chirau alikuwa ndiyo kwanza amepona kidonda cha tohara.

Sanga alikuwa na shamba la mikorosho huko ndani, mbali na barabara kuu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti nzuri ya kuadhini, na nafasi yake msikitini ilikuwa safu ya mbele. Tena alikuwa katili. Nalisema hivyo hivyo, sina nguo ya kulivisha neno hilo. Alikuwa na bakora ya mkwaju aliyoiloweka kwenye maji ya chumvi isije ikakauka na kuvunjika. Na kipigo chake kilikuwa na utaratibu. Alimngoja mtoto aanze kula, apate matonge mawili matatu, asahau. Kisha alimjia kwa nyuma na kumshushia bakora ya kisogo. "Samaki mkunje angali mbichi," husema, halafu hurudi kwenye sahani yake na kula kwa bismillahi.

Siku moja mama alinituma niwapelekee samaki. Nilimkuta ndugu yangu amefungwa kwenye mkorosho, kinywa kimejazwa kitambaa ili asiwasumbue watu kwa kelele. Wale sisimizi wekundu wa mtini, majimoto, walikuwa wakimtembea machoni na masikioni, na uso ulikuwa umevimba hata sikumjua. Kosa lake lilikuwa kula muhogo wa kuchoma bila ruhusa. Mkono ulioushika ule muhogo ulikuwa umekandamizwa juu ya makaa, na ngozi ya kiganja ilikuwa imebanduka, inaning'inia. Nilimfungua. Sanga akatukuta. Pigo alilonipiga lilinivunja mfupa wa mkono, nao uliunga vibaya. Hata leo nikikoroga unga wa viazi mkono huu hukimbilia upande. Nilipofika nyumbani mama alinikanda kwa maji ya moto akalia, kisha akanionya nisimtaje kaka yake kwa watu. "Ukimtaja atatulaani," alisema, "na laana ya mjomba hula mpaka vitukuu." Nilimchukia mama siku ile. Mungu amrehemu, lakini nilimchukia.

Ndevu zilipoanza kumtoka, Chirau alitoroka akaenda Ramisi kukata miwa, na huko akapata sifa. Mkata miwa hodari huinama na kupiga pigo la kwanza chini kabisa, karibu na udongo, kwa sababu utamu wa muwa uko chini. Kisha huushika na kupiga pigo la pili juu, kuondoa kilele. Chini, juu. Ndugu yangu alimaliza mstari wake wenzake wakiwa nusu. Walimpenda, ila walijifunza kutomkaribia kwa nyuma. Aliyechelewa kujifunza alikuwa Japheth, kijana wa bara mwenye mzaha mwingi. Alimnyemelea wakati wa chakula, akamshika kisogo kwa mkono uliolowa maji baridi ili amshtue. Chirau aligeuka na panga. Japheth alipoteza sikio na kipande cha shavu, hata magego yakaonekana kwa kando. Watu walimrukia Chirau, wakamkalia mpaka alipoacha kufurukuta, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Nimempiga nani?" Japheth hakushtaki. Alisema mzaha aliuanza yeye, akarudi kwao na shavu lake lililoshonwa.

Baadaye Chirau alimwoa Twaiba wa Tiwi, mwanamke mdogo wa umbo na mkubwa wa kicheko. Kwa muda nilidhani ndoa imemponya. Twaiba alijua kukohoa kabla hajapita nyuma yake, alijua kumpangia mkeka kando ya ukuta. Lakini mtu hawezi kukohoa maisha yake yote ndani ya nyumba yake. Jioni moja aliona punje ya wali imemganda mumewe shingoni, akanyoosha kidole kuipangusa. Ngumi ya kwanza ilimng'oa jino. Hiyo ya kwanza naweza kuisamehe, maana ilitoka kwa mtu asiyejua anampiga nani. Lakini zilifuata nyingine, naye alikwisha mwona kuwa ni Twaiba, tena anamwita jina lake na kumsihi. Alimvunja taya. Alimpiga mateke ya mbavu mpaka majirani wakavunja mlango. Ni ndugu yangu na siwezi kumpamba: siku ile alikuwa Sanga mtupu.

Ndugu zake Twaiba walikuja kumchukua. Alamin, kaka yake mkubwa, alisimama uani kwangu, machozi yanamtoka kwa ghadhabu. "Dada Mbeyu, sisi tulikupeni mtu mzima mmetupa vipande," aliniambia. "Talaka hatuidai, kwa kuwa mwenyewe bado anamtaka mumewe, na hilo latushangaza. Lakini harudi mpaka madaktari wanambie kwa kinywa chao kwamba mkono ule umepona." Chirau aliyasikia hayo akiwa amekaa nyuma ya mlango wangu, mgongo ukutani. Tangu saa ile hakuwa na haja nyingine duniani ila mkewe arudi.

Wakati huo watafiti fulani walikuwa wamefungua kituo huku kusini kwa watu wenye hasira na huzuni zisizokwisha. Dawa yao ilikuwa maneno. Tabibu aliitwa Rispah, mwanamke wa bara, mpole, mwenye kusikiliza kweli kweli. Sitamvunjia haki yake. Alitueleza kwamba hasira ya leo ina mzizi utotoni, kwamba mtu huuficha mzizi huo hata yeye mwenyewe asiuone, na kwamba akiusema mbele ya mtu anayemsikiliza vyema, nguvu zake huisha. Wazo hilo ni la kale, alisema, limetoka ng'ambo, na wako wasomi wanaolicheka wakidai kwamba ni hadithi tupu isiyo na ushahidi. "Ndio maana sisi tunapima," alisema Rispah. Kwa hiyo wagonjwa wengine, Chirau akiwamo, waliketi naye, wengine walipewa ushauri wa kawaida tu, kisha wote waliulizwa maswali yale yale ili ionekane nani amepona zaidi.

Mwuliza maswali hakuwa Rispah, maana mganga hawezi kujipigia kura. Alikuwa Hafswa, binti wa Shimoni, aliyefunzwa kwao adabu zote. Sheria ya kazi yake ilikuwa ngumu: alisome swali kama lilivyo, aandike jibu kama lilivyosemwa, asiongeze wala asitie shaka. "Wiki mbili hizi zilizopita, ni mara ngapi umesikia hamu ya kumpiga mtu?" Majibu yalikuwa manne: hata siku moja, siku chache, siku nyingi, au kila siku. Jibu la kwanza ni sifuri, la mwisho ni tatu. Siku ya kwanza nilikuwepo. Vifundo vya mkono wa Chirau vilikuwa bado vina kidonda cha meno ya mkewe, angeficha nini? Alipata tatu karibu kila mahali, naye Hafswa aliziandika bila kukunja uso.

Sasa sikilizeni jinsi namba zilivyoanza kushuka, maana hapa ndipo palipoharibika. Kwetu mtu akikuuliza hali, unamshukuru Mungu. Mgonjwa wa kukata roho husema hajambo. Kumwambia binti wa watu, aliyekuamkia shikamoo na kukukaribisha kiti, kwamba jana umetamani kumchinja mtu, huko ni kumvunjia heshima. Siku ya kwanza Hafswa alikuwa mgeni tu. Baadaye alikuwa dada. Chirau alimpelekea madafu, naye akamwulizia habari za nyumbani, na kadiri walivyozoeana ndivyo alivyozidi kumstahi, na kadiri alivyomstahi ndivyo namba zilivyopungua. Tatu ikawa mbili, mbili ikawa moja. Juu ya hayo alijua kwamba mkewe yuko ng'ambo ya namba hizo. Wakubwa wa Rispah walifurahi. Wazo la kale lilikuwa linafanya kazi.

Naye Rispah alimtafuta baba. Aliona jinsi Chirau anavyokaa ukutani, akajua bila kuambiwa kwamba kuna mtu alikuwa akimjia kwa nyuma. Hapo alipatia. Lakini vitabu vyake vilikuwa vimekwisha kumtaja mtu huyo: mwanamume mwenye fimbo katika nyumba ya mtoto ni baba. Kila wiki alimrudisha huko. Baba alikuwa mtu wa namna gani? Baba akikasirika ilikuwaje? Chirau hakutaka kumtaja mjomba, kwa hofu ile ile tuliyonyonyeshwa na mama, tena mjomba yu hai na anaadhini. Wala hakutaka kumnyima mwanamke mwema kitu anachokiomba. Basi akafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia hunikata maini: alichukua bakora mkononi mwa Sanga, akaitia mkononi mwa baba yetu.

Nililigundua siku za mwisho mwisho, jamaa tulipoalikwa. Rispah aliweka kiti kitupu katikati ya chumba. "Mwambie baba yako," alisema. Chirau akakitazama kile kiti, akakisimulia majimoto, akakisimulia makaa, akakisimulia kitambaa kinywani, na jasho lilikuwa likimtiririka kweli. Kisha akasema, "Baba, nimekusamehe." Rispah alipangusa machozi. Mimi nilitaka kukibeba kile kiti nikitupe dirishani. Baba Hashim, aliyeomba radhi hata kwa mbuzi aliyemkanyaga! Yu kaburini, hana kinywa, na mwanawe anamsamehe dhambi za mtu mwingine.

Nilimfuata Rispah nje. "Daktari, baba yetu hakumpiga hata kuku."

Alinishika bega. "Mama, mara nyingi ndugu wawili wanakumbuka wazazi tofauti. Akili inaficha kitu kinachouma sana. Hata wewe pengine kuna kitu umekificha."

"Mimi sijaficha kitu. Huu mkono wangu ulivunjwa, na aliyeuvunja hakuwa baba. Mwulize habari za mjomba wetu Sanga."

Kwa haki yake, alimwuliza. Wiki iliyofuata alimwuliza waziwazi, "Chirau, mjomba yako Sanga alikufanyia nini?" Nilikuwa nimekaa barazani, dirisha li wazi. Nilimsikia Chirau akicheka kwa ile sauti ya adabu. "Mjomba ni mzazi wetu, daktari. Hajambo, alhamdulillahi. Bado anaadhini." Baada ya hapo Hafswa alimsomea maswali yake, na ndugu yangu akajibu yote hata siku moja, hata siku moja, hata siku moja. Sifuri tupu. Hafswa aliinua macho akamtazama. Binti wa Shimoni hawezi kukosa kuijua adabu anapoiona. Lakini kazi yake ilikuwa kuandika, si kuamini, akaziandika.

Rispah alimpigia Alamin simu akamwambia kwamba shemeji yake amepata nafuu kubwa mno. Hakusema uongo. Alisema alichokipima.

Basi ikabaki kumrudisha mke, na kwetu mke aliyekwenda kwao kwa kuumizwa hafuatwi na mume peke yake kama mtu anayefuata baiskeli kwa fundi. Hufuatwa na wazee wa mume, na mbele yao hutangulia mjomba, aombe radhi kwa niaba ya ukoo. Nilimwambia Chirau twende bila Sanga. Nilimwambia kwa ukali, mbele ya watu, kwamba bora Twaiba akae Tiwi mwaka mwingine kuliko kuletwa na mtu yule. Alinijibu kwa upole, "Dada, bila mjomba Alamin hatatupa mtu. Ni siku moja tu. Nitakaa ukutani."

Tulikwenda. Ua wa kina Alamin una kivuli kizuri, na walitupokea vyema kuliko tulivyostahili. Tulitandikiwa mkeka mrefu katikati ya ua. Wazee walikaa upande wa ukuta, kama ilivyo ada, na Chirau, aliye mkosa, alikaa upande wa pili, nyuma yake uwanja mtupu. Nilimwona akiutazama ule ukuta. Kando yake palikuwa na fungu la madafu na panga la kuyafungulia, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwafungulia wakwe zake, kujinyenyekeza. Mikono yake ilitulia. Twaiba alitoka ndani na sinia la pilau, na alipofika mbele ya mumewe alitabasamu kwa mdomo uliofumbwa, akificha pengo. Chirau aliinamisha kichwa. Nadhani hiyo ndiyo saa aliyokuwa na furaha kuliko zote maishani mwake. Nilianza kujilaumu kwa kuogopa.

Sanga alisema maneno mazuri. Alisifu ukoo wa kina Alamin, akasoma dua, akaomba radhi. Kisha Alamin akauliza, kwa heshima zote, "Na wewe mjomba, watudhaminia kwamba haya hayatarudi?"

Mzee akainuka. Alikuwa amezeeka lakini hajapinda. "Huyu nimemlea mimi," alisema, "na adabu yake naijua mimi. Ngojeni niwaonyesheni." Akazunguka mkeka, bakora mkononi, ile ile ya mkwaju. Niliita, "Chirau!" Lakini kinywa chake kilikuwa na tonge, na Twaiba alikuwa akimmiminia maji, na bakora ikashuka kisogoni, paa, mbele ya mkewe, mbele ya wakwe. "Samaki mkunje," mzee alianza kusema, akicheka ili wenyeji wacheke naye.

Hakuumaliza msemo wake. Chirau aligeuka akiwa chini bado, amepiga goti, na panga lilikwenda pale linapokwenda siku zote, chini kabisa, karibu na udongo. Mguu wa Sanga ulikatika juu ya kifundo, ukabaki umesimama ndani ya kiatu. Mzee alianguka, akiwa na uso wa mtu anayetaka kuuliza jambo. Chirau akamshika kwa mkono wa kushoto, kwa ndevu, akapiga la juu. Damu ilirukia pilau, ikarukia ukuta, ikamlowesha Twaiba leso yake tangu kifuani mpaka magotini. Sauti ile ya adhana ikatoka kooni kwa povu. Alamin na nduguze walimrukia Chirau, wakampiga kwa mawe na kwa kifuo cha kufulia nazi, wakamvunja mkono na mbavu, naye hakujikinga hata kidogo. Alikuwa amekwisha kulitupa panga. Alikuwa akitafuna. Lile tonge lilikuwa bado kinywani, na nilimwona akilimeza.

Mara hii hakuuliza amempiga nani.

Twaiba aliniambia baadaye, "Dada, hakunigusa. Panga lilipita hapa, mbele ya tumbo langu, na hakunigusa." Alilirudia neno hilo mpaka nikamwomba anyamaze. Hakurudi kwake, na hajaolewa. Humpikia Chirau chakula na kunipa nikipeleke rumande, lakini yeye mwenyewe hakanyagi huko. Husema humwogopa, na kwamba humkumbuka. Yote mawili ni kweli.

Rispah alikuja kwangu kutoa pole. Alikaa kwenye benchi la wateja, akalia, akasema kosa ni lake. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, na matusi ninayo. Yalinikauka. Nilimpa viazi akala. Akaniambia kwamba utafiti una sheria: kila mgonjwa hupimwa tena miezi kadhaa baadaye, popote alipo, ili ijulikane kama dawa imedumu. Chirau naye ni lazima apimwe.

Waliomba ruhusa wakapewa, nasi tukaenda pamoja, wao na maswali yao, mimi na sahani ya Twaiba. Chirau aliketishwa uani, mkono wake umeunga upande kama wangu. Ule ua una kuta pande zote. Yeye alikaa katikati. Akaifunua sahani akaanza kula, na askari mmoja alikuwa akitembea nyuma yake, kwenda na kurudi, buti zinalia, na ndugu yangu hakugeuka. Alikula mpaka punje ya mwisho. Nilitazama kisogo chake kilivyotulia.

Hafswa alimwamkia. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo." Akaanza kusoma. "Wiki mbili hizi zilizopita, ni mara ngapi umesikia hamu ya kumpiga mtu?"

"Hata siku moja."

"Ni mara ngapi umeshtuka usingizini?"

"Hata siku moja."

"Ni mara ngapi umehisi kwamba kuna mtu anakujia kukudhuru?"

"Hata siku moja."

Hafswa akaiweka kalamu chini. Akaivunja sheria yake. "Kaka Chirau, nakuomba kwa Mungu. Leo nambie kweli."

Chirau alimtazama kwa huruma. "Hizi ndizo za kweli, dada. Zile sifuri za kule kituoni nilikuwa nakustahi."

Rispah aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakumwambia yeye, siku zote zile, mlango umefungwa na hakuna wa kumsikia. "Ulimtaka baba, daktari," alisema Chirau. "Nikakupa baba. Mwingine sikuweza kumtoa kwa mdomo."

Hafswa akaokota kalamu akaandika. Sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mwisho. Niliwauliza zitafanywa nini, wakanieleza kwa aibu kwamba zitajumlishwa na za wengine. Katika hesabu ya wale walioponywa na maneno, ndugu yangu yumo, na baba yangu yumo pia, kwa jina la aliyemtesa mtoto wake. Niliomba wamtoe baba. Walisema hawana uwezo wa kubadili alichosema mgonjwa.

Tulitoka nje ya lango. Rispah alitangulia, hakutaka tumwone uso. Jua lilikuwa kali, na mkono wangu uliovunjika ulikuwa ukiniuma kwa kubeba sahani tupu. Tangu Sanga azikwe silali vyema, wala si kwa majonzi. Huamka nimekasirika kwamba panga lile halikuwa mkononi mwangu, na ninapowaona wazee wa safu ya mbele wakienda kuswali, vidole vyangu hujikunja vyenyewe. Sijamwambia mtu.

Hafswa alisimama akanishika mkono, ule ule mbovu. "Na wewe, dada Mbeyu," aliniuliza, na safari hii hakuwa akisoma popote, "wewe u hali gani?"

"Alhamdulillahi, mwanangu," nilimwambia. "Sijambo."